Gololi za Baba Mkwe

Harufu ya risasi inayoyeyuka ikiingia puani haitoki upesi. Kwetu Haneti, enzi za Waingereza, ilikuwa harufu ya msimu wa uwele kukomaa, ngiri walipoanza kuvamia mashamba. Baba alikuwa na gobore, kwa kibali cha serikali, la kulindia mazao. Aliyeyusha vipande vya betri kuukuu ya lori, akamimina kwenye kalibu ya udongo, na gololi hizo za bunduki zikipoa mimi binti yake nilizisugua juu ya jiwe mpaka ziwe laini. Mafundi hawakuyatoboa magobore sawasawa, kwa hiyo gololi ya jirani haikuwa yako. Baba aliizungushia gololi kitambaa, akaiweka mdomoni mwa mtutu na kuisukuma kwa dole gumba. Ikidumbukia yenyewe ni ndogo, haina nguvu. Ikigoma ni kubwa, inarudi motoni. Iliyofaa iliingia kwa kusitasita, kisha ikausikiliza ufito wa kushindilia mpaka ikae juu ya baruti. “Ikikwama katikati,” aliniambia, “moto hautatafuta mdomo wa bunduki. Utatafuta mkono wangu.”

Mwaka mmoja babu mzaa mama alikuja kututembelea kutoka milima ya Kondoa. Alikuwa Mrangi mpole, mtu wa sala, naye pia alikuwa na gobore. Alimletea baba mfuko wa ngozi uliojaa gololi alizozimimina mwenyewe kwa kalibu yake. Nataka msomaji aelewe baba alivyokuwa mbele ya mkwewe. Hakumtazama usoni, hakula naye sahani moja, na kitu alichopewa naye hakukikataa, hata kama ni ugali ulioungua. Alipokea mfuko kwa mikono miwili. Mama aliona haya na furaha pamoja, maana zawadi ile ilikuwa heshima kwa nyumba yake.

Kesho yake asubuhi ngiri waliingia shambani. Babu akasema, “Mkwe, leo jaribu zangu.” Baba alimimina baruti, akachukua gololi moja na kuiweka mdomoni mwa mtutu. Haikuingia. Akaivua kitambaa, akajaribu tena, ikaingia nusu na kugoma. Nilikuwa karibu vya kutosha kuona uso wake, na najua alijua. Babu alisimama kando, akingoja. “Inafaa, baba,” baba akasema. Akaokota kipande cha kuni, akaugonga ufito mpaka gololi ikashuka, lakini haikufika kwenye baruti. Akaondoka kuelekea shambani, nasi tukabaki tukimtazama.

Alipofyatua, mtutu ulipasuka pale pale mkono wa kushoto ulipoushikilia. Mama alifika kwanza, akafunga kile kilichobaki kwa khanga yake. Kisha akamgeukia baba yake mzazi, akamwambia kwa sauti ya chini, “Baba, ulimwona akigonga.”

“Nilidhani mtutu wake una masizi,” babu akajibu.

Na baba, akiwa chini, damu inamtoka, akasema, “Ni masizi kweli, baba. Sikuusafisha.”

Nilikasirika, na hasira ile haijaniisha. Nilimkasirikia baba kuliko babu. Mtutu niliufuta mimi mwenyewe jana yake, na baba alinisimamia. Alilima kwa mkono mmoja maisha yake yote yaliyobaki. Babu alikuja kila masika kumsaidia kupanda, na mambo ya gololi hayakutajwa tena mpaka wote wawili wakazikwa.

Sasa mimi ni mzee, na wenzangu hulalamika kwamba vijana wa leo hawana adabu kwa wakwe. Mimi naona adabu ipo, na inanitisha. Mwezi uliopita nilikwenda Nzuguni kwa binti yangu, nikamchukulia mumewe viatu vya ngozi. Alivivaa mbele yangu, akashukuru, akanisindikiza mpaka barabarani. Njiani nikaona anachechemea. “Vimekuenea?” nikauliza.

“Vimenienea kabisa, mama,” akasema, macho chini.

Nikamkalisha juu ya jiwe kando ya njia. Watu wakipita, nikainama mimi mkwewe, nikashika mguu wake na kukivuta kiatu. Aliufunika uso kwa viganja kwa aibu. Soksi ilikuwa imelowa damu kisiginoni.

“Nikatae, mwanangu,” nikamwambia. “Nakuomba, nikatae.”