Jani la Mgomba Juu ya Kamera

Katika duka la kuchapa pale Ibighi tulikuwa wanne: dada mchapaji, mzee aliyestaafu kazi ya kupiga filamu za matangazo ya televisheni, bibi mmoja wa Masukulu, na mimi, mwanangu akiwa mgongoni. Mzee alikuwa anachapisha mwenyewe kitabu cha maisha yake ya kazi.

"Mzee, ukurasa huu wa majina ya waliokusaidia tuutoe," dada alisema. "Watu wanataka mastaa. Kwani bibi huyu uliyemwandika hapa alicheza tangazo gani?"

"La chai," bibi akajibu. "Nilishika jani la mgomba."

Dada akacheka. "Jani tu?"

Mzee akapiga meza kwa kiganja. "Mvua ya Tukuyu si unaijua? Aliikinga kamera yangu kutwa nzima, mwenyewe akalowa chapachapa. Jina lake likifutwa, naondoka na kitabu changu!"

"Ndaga, mwanangu," bibi alimshukuru, akimfuta vumbi begani.

Siku hizi za soko huria tunatangaziwa kila kitu hadi kiberiti, lakini sikuwahi kujiuliza nani alilowa ili chai ionekane ya moto.

Kitabu kimetoka. Majina yapo ukurasa wa kwanza.