Swali Moja la Kupeleka Bungoma

Niliondoka Kitale kwa sababu ya swali moja tu: je, mashine mpya ya gemu itasoma diski za zamani? Najua kuna watakaocheka kwamba mtu mzima amesafiri kwa jambo kama hilo. Wacheke. Kaka yangu Simiyu alipofariki alituachia memori kadi yenye ligi ya kandanda tuliyokuwa tukicheza wanne, katika chumba chetu cha gemu nyuma ya soko. Timu yake iliongoza kwa pointi moja, na ilibaki mechi moja dhidi ya Nekesa aliyekuwa wa pili, fundi cherehani asiyemhurumia mtu. Hatukuicheza. Mashine yetu ilikuwa imechoka kiasi kwamba haikusoma diski mpaka uigeuze miguu juu, na tuliogopa isije ikazimika katikati ya mechi ya marehemu. Tukakubaliana kungoja mashine mpya.

Watengenezaji walikuwa wanaionyesha kwenye maonyesho yao makubwa huko Marekani, na marudio yangepatikana kwa dishi Jumamosi saa nane mchana. Sisi hatukuwa na dishi. Wacheza gemu wa Bungoma walikuwa nalo, tena walikuwa na mwenyekiti, katibu na mhuri, na walitualika kwa barua. Ule mhuri ulipaswa kunishtua mapema.

Saa moja asubuhi nilipanda pikapu ya Mama Nanjala, jirani yetu anayepeleka viazi. Nilibeba daftari ambamo wenzangu walikuwa wameandika matarajio yao. Nekesa alitaka kandanda yenye wachezaji wanaotoka jasho. Otieno, kinyozi wetu, alitaka pedi ya kuchezea isiyo na waya, maana ule waya wetu umeshaangusha chai mara ngapi. Mimi niliandika swali langu chini kabisa, nikalipigia mstari.

Saa tatu tulikuwa Kamukuywa, na hapo ndipo viazi viliposhushwa gunia kwa gunia huku kila mnunuzi akikagua kama anachagua mchumba. Mama Nanjala aliniona nikitazama saa.

"We unaharakishia nini?" akaniuliza. "Si hiyo kitu ni televisheni? Haiwezi kutembea iende."

Nilimweleza habari ya kadi. Akamgeukia mnunuzi wake, akamwambia achukue gunia au aache. Tukaondoka.

Saa sita na nusu nilishuka Bungoma mjini. Mwenyeji wangu, Bwana Wafula, alikuwa karani wa serikali na ndiye mwenyekiti wa chama chao. Alinipokea langoni akiwa amevaa tai.

"Kalibu, kalibu sana mgeni wetu! Habali ya Kitale?"

Sebuleni walikuwa watu kama ishirini kwenye viti vya kukodi, wote wakiitazama televisheni iliyozimwa. Nilipewa ugali na kuku, na mlo huo siwezi kuusema vibaya hata kidogo. Kisha nikapewa karatasi ya ratiba. Sala ya ufunguzi. Utambulisho. Neno kutoka kwa katibu. Neno kutoka kwa mgeni. Hotuba ya mwenyekiti. Mwisho kabisa, "kutazama."

Saa nane kamili tulikuwa bado kwenye utambulisho. Kila mtu alisimama, akataja jina, kwao, gemu anayoipenda, akaongeza kwamba ameokoka. Televisheni ilikuwa imeshawashwa, lakini sauti ilikuwa imefungwa kwa heshima ya wasemaji. Nyuma ya katibu niliona watu wa Marekani wakipiga makofi.

"Mwenyekiti," nikasema, "imeanza."

"Tunajua, bana. Tulia. Si hata wao wako na program?"

Kweli walikuwa nayo. Sauti ilipofunguliwa saa nane na dakika arubaini, nilimkuta mzungu wa suti akionyesha michoro ya mauzo. Akaja mwingine na michoro mirefu zaidi. Akaja wa tatu kumshukuru wa kwanza. Tumetoka mbali kote huko kutazama gemu, na hawa nao wanatusomea ripoti! Vijana wa Bungoma walianza kuguna, lakini Bwana Wafula alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Hawa wamepanga mkutano vizuri," akasema.

Dakika kumi kabla ya kwisha, yule wa suti aliingiza mkono mfukoni na kutoa diski ya zamani. Niliitambua kwa rangi yake. Nikasogea hadi ukingo wa kiti. Wakati huohuo katibu akachukua rimoti, akafunga sauti, akatangaza kwamba sasa ni neno la shukrani.

"Fungua!" nikapiga kelele. "Fungua sauti!"

"Mgeni, heshimu meza, tafadhali," katibu akanikemea.

Mzungu alisema maneno, akainua diski juu, akacheka, watu wakapiga makofi. Sauti ilipofunguliwa palikuwa na tangazo la sabuni.

"Amesema itacheza," akadai kijana mmoja.

"Wapi! Ati amesema ni ya kuweka kwa makumbusho," akajibu mwenzake.

Wakabishana, na mwenyekiti akapendekeza wapige kura. Nililifunga daftari kwa hasira. Niliwaaga kwa adabu niliyoazima sijui wapi, nikamfuata Mama Nanjala stendi.

Saa kumi na moja na nusu tukipita Kamukuywa, aliniuliza nimepata nini. Nikamwambia nimepata kuku.

"Na ile mashine ya kwenu, imekufa?"

"Haijakufa."

"Basi unangojea nini?"

Swali hilo lilinikera kuliko rimoti ya katibu. Kumbe nilitaka mtu wa suti, asiyemjua Simiyu, aniambie lini nimalizie mechi ya ndugu yangu.

Jumapili baada ya ibada tuliigeuza mashine miguu juu. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili ilikwaruza. Mara ya tatu timu ya Simiyu ikatokea na jezi zake za zambarau. Nilishika pedi yake. Sare ingetosha. Nekesa hakunihurumia hata dakika moja. Alinifunga mbili bila, kisha akalia, kisha akanipa mkono.

Mashine ikauliza kama ihifadhi matokeo. Otieno alisema tunaweza kuzima, kombe libaki kwa Simiyu. Nilifikiria, nikakumbuka jinsi marehemu alivyokuwa akiwatukana waliozima mashine wakifungwa. Nikabonyeza ndiyo.

Nekesa akapangusa macho, akasimama, akasema angependa kutoa neno la shukrani. Nikamwambia aketi.