Shati la Mjane na Mdomo wa DJ

Nilisema ni pacha. Nilisema mbele ya watu saba, mkono kiunoni, kwa sauti ya mtu aliyemaliza kidato cha nne: "Yule aliyekufa maji alikuwa kulwa, huyu mwalimu ni doto." Hadithi ya tatu ilipoanza na mwanamke yuleyule akatokea anauza samaki, nikaongeza mtoto wa tatu. Katika ya nne nikasema ni mzimu. Hakuna aliyenipinga, maana televisheni ni yangu. Kumbe filamu yenyewe ilikuwa hadithi fupi tano zisizojuana, na mwigizaji mmoja kazicheza zote.

Aibu hiyo ni yangu, naibeba. Nilichoshindwa kubeba ni mambo ya hadithi ya tano.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea nyumbani kwangu hapa Tabora mjini. Treni naijua kwa honi tu. Babu zetu walibeba pembe za ndovu kwa miguu mpaka pwani; mimi nikitumwa sokoni naaga. Dada yangu mdogo alikuwa anakaa eda kwangu, mwezi wa tatu huo, kwa kuwa nyumba waliyoishi Nzega ilikuwa ya kupanga na mwenyewe akaitaka. Tangu mumewe azikwe hakuwa amelia. Wageni walikuja wengi, kila mmoja na maneno yake: kazi ya Mungu haina makosa, jikaze, wewe bado kijana. Yeye anajibu, "Ahsante." Ahsante, ahsante, kama karani wa dirishani.

Nikaona dawa ni filamu ya Kihindi: nyimbo, mvua, watu thelathini wanacheza mlimani. Nikaagiza flashi, nikasisitiza iwe ya kutafsiriwa, yaani ile ambayo DJ wa hapa mjini anaongea Kiswahili juu ya sauti za waigizaji. Ndivyo tunavyotazama. Wengine tunamjua DJ kuliko waigizaji.

Basi, hadithi ya tano. Mwanamke yuleyule, safari hii mjane. Amechuchumaa uani, katugeuzia mgongo, anafua shati jeupe la kiume. Nimeshona mashati miaka ishirini, jicho langu lilikwenda moja kwa moja kwenye kola: safi, haina hata alama ya jasho. Analifua, analikamua, analianika. Analianua likiwa bado linachuruzika, analirudisha kwenye beseni. Haongei. Halii. Uso wake hatuonyeshwi. Kila kitu kiko mabegani. Yanapanda kidogo, yanashuka, kama mtu anayetaka kuuliza jambo akaghairi.

Dada yangu alikuwa amesogea mpaka ukingo wa mkeka.

Na DJ je? "Mama huyu sabuni kaiokota! Fua mama, fua! Salamu kwa wadau wangu wa Ulyankulu, na Igunga pale stendi! Jamani, shati gani hili lisilotakata, la muuza mkaa?"

Chumba kizima kikaangua kicheko. Na mimi nikacheka. Nilipogeuka, pale mbele ya mkeka hapakuwa na mtu.

Nikamfuata, nikasimama mlangoni kwake.

"Kaka," akasema kutoka ndani, "alilimaliza lile shati?"

Sikujua. Wakati tunacheka, filamu ilikuwa imekwisha.

"Nilitaka kumwona tu yule mama," akasema. "Basi."

Lilikuwa jambo la kwanza alilolitaka tangu aingie nyumbani kwangu, na sisi tulikuwa tumelicheka.

Asubuhi yake nikatoka. Jirani mmoja aliponiona na viatu akauliza nani kafa. Studio ya DJ ni chumba kimoja chenye trei za mayai zilizobandikwa ukutani.

"Shikamoo, mzee wangu. Karibu."

"Marahaba. Ile filamu ya hadithi tano. Wewe Kihindi unakijua?"

"Ile si Kihindi, mzee. Kimalayalamu. Kusini kabisa huko India."

"Unakijua?"

"Wapi! Nasoma maandishi ya Kiingereza pale chini."

"Na kwenye shati, pale chini waliandika nini?"

Akafikiri. "Pale hawakuandika kitu."

"Sasa ulitafsiri nini?"

Akacheka, akaona sicheki. "Mzee, watu wakisikia kimya wanadhani flashi mbovu. Wananirudishia."

Nilimwambia yule mwigizaji kakesha akijifunza kukaa kimya, kaacha mdomo, kaacha uso, kabaki na mabega tu, na wewe umempanda mgongoni unagawa salamu! Nilimwambia hana haya. Nilimwambia mengine ambayo fundi nguo hapaswi kuyasema kwa mteja mtarajiwa. Na kadiri nilivyopayuka ndivyo hasira ilivyozidi, kwa sababu nilikuwa nawaona wageni wale wa miezi mitatu, nao wanatafsiri kimya cha dada yangu, jikaze, bado kijana, na mimi ndiye niliyekuwa nawatilia chai.

"Nipe ile isiyo na mdomo wako."

"Itawachosha."

"Ituchoshe!"

Alasiri tulikaa watatu: dada, mimi, na bibi wa nyumba ya pili, ambaye kila siku huleta michembe ya viazi vitamu vikavu na karanga, kisha hukaa na dada yangu bila kusema neno. Siku zote nilidhani hana la kusema. Tukaiweka hadithi ya tano peke yake. Safari hii maji yakasikika yakigonga beseni. Yakasikika matone chini ya kamba. Mjane akafua, akaanika, akaanua, akafua. Mwisho akasimama, akalitazama shati, akalivaa vilevile likiwa bichi, akafunga kifungo kimoja kimoja mpaka cha shingoni.

Dada yangu akatoa sauti ndogo. Kisha kubwa. Nikaogopa, nikaona nimwokoe, nikaanza: "Unaona, dada, hapo amelivaa kwa sababu anamkumbuka, si unajua wenzetu wa kule kusini mila zao..."

Bibi wa nyumba ya pili hakunigeukia hata kidogo. "Fundi, funga mdomo," akasema. "Tumemtoa DJ, umeingia wewe. Mwache mwenzio alie."