Majivu ya Bibi Nyuma ya Bafu

Harufu ya majivu yaliyolowa ni harufu ndogo, haimwiti mtu. Ni kama ya vumbi lililonyeshewa, ila ina uchungu kidogo kwa nyuma. Mimi huitambua haraka. Asubuhi nikitupia majivu kwenye mchicha kuzuia wadudu, na umande ukayapata, mara narudi Nyakitonto, nyuma ya bafu la nyasi la babu yangu, na uso unaniwaka moto ingawa hakuna anayenitazama.

Nililelewa na Babu Bitariho na Bibi, wazazi wa mama yangu. Ilikuwa miaka ya tisini, wakimbizi kutoka ng'ambo ya mpaka wakipita barabarani na magodoro vichwani kwenda kambi ya Nyarugusu, na ungedhani kijiji kilikuwa na mambo makubwa ya kuzungumza. Watoto wa darasa langu walizungumzia mkojo wa babu yangu.

Babu alikuwa ameanza kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Alikonda, suruali ikawa inafungwa kwa kamba. Halafu wakaja sisimizi. Kila alipokojoa nyuma ya bafu, penye shina la mgomba, walijipanga mstari hadi pale palipolowa wakapajaza weusi. Hospitali ya Kabanga walimwambia ana kisukari, wakampa vidonge vyeupe na kadi ya kurudi. Bibi hakuelewa. Sukari, kwa akili yetu, ilikuwa ya wenye maduka Kasulu mjini. Sisi chai tulikunywa kwa chumvi.

"Bitariho," Mzee Ruhoza, jirani yetu, alimwambia siku moja akiegemea ua, "weka mzinga pale nyuma, tugawane asali."

Babu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu mjukuu wa Ruhoza alilibeba neno hilo hadi shuleni, na tangu siku hiyo nikaitwa Asali. Usiku niliposali niliombea sisimizi wafe. Sikumbuki kama niliwahi kumwombea Babu apone.

Babu alikuwa mchonga mizinga na vinu, na miti aliijua kwa kuikata, kuinusa na kuionja. Vidonge alivimeza, lakini kwa unyonge, kama mtu anayekula kwa jirani. Akaanza kutafuta mti wake mwenyewe. Alichemsha magome ya aina kadhaa; mengine yalimtapisha, moja lilimfunga tumbo hadi Bibi akatishia kuimwaga sufuria shimoni. Mwishowe akatulia kwenye mninga. Ukiuchanja mninga hutoa utomvu mwekundu kama damu, na Babu alisema mti wenye damu unajua mambo ya damu.

Gome halikuchunwa ovyo. Alichukua upande jua linapochomoza na upande linapozama, kipande cha ukubwa wa kiganja, kisha akapaka tope kwenye kidonda cha mti. Ukilichuna kuzunguka mti wote unaufunga koo, alisema, na aliyeufunga mti koo asitegemee dawa yake.

Kupima kama dawa inafanya kazi alikuwa na njia moja, ambayo wazee wengine pia waliijua. Unakojoa mahali pale pale, unasubiri. Wakija sisimizi, sukari bado ipo. Wasipokuja, imeisha.

"Sisimizi hakusoma," alisema, "lakini hajawahi kudanganya mtu."

Habari zake zilifika mbali kuliko tulivyodhani. Siku moja ulikuja ujumbe kwamba mtafiti anatoka Dar es Salaam, anakusanya magome na majani ambayo wazee huyatumia kwa kisukari, apeleke wakayapime waone kuna nini ndani. Babu alifurahi kama aliyeposewa binti. Akaalika majirani, Ruhoza wa kwanza, na akatangaza kwamba siku hiyo atajipima mbele ya mgeni. Sisimizi wasipokuja, vidonge vya Kabanga anavirudisha kwenye kopo lao na hatavigusa tena.

Mtafiti alikuwa dada kijana mwenye viatu vilivyojaa vumbi. Alisalimia "Mwakeye" kwa lafudhi iliyotuchekesha, naye akacheka. Asubuhi nzima alifuatana na Babu hadi kwenye mninga, nami nikiwa nyuma yao. Aliuliza kila kitu: upande gani, msimu gani, gome linachemka hadi maji yawe rangi gani. Matawi aliyabana ndani ya magazeti. Gome alilipima kwa mizani ndogo ya kuning'iniza, na Babu akamwonyesha kiganja chake, akamwambia mizani yake haihitaji kubebwa.

Bibi hakwenda nasi. Alibaki akifanya anachofanya kila mwanamke wa kwetu anapotarajia mgeni. Alifagia uwanja kuanzia mlangoni hadi migombani, akapaka jiko udongo, na nyuma ya bafu, ambako mgeni angeweza kuhitaji kwenda, akamwaga majivu ya siku mbili, akayanyunyizia maji kidogo yasipeperuke, akayasambaza kwa ufagio hadi yakalala sawa kama shuka. Majivu huondoa harufu. Hilo alifundishwa na mama yake, na mimi nimefundishwa na yeye.

Tuliporudi, Babu alikunywa dawa yake, akakaa kidogo, akaenda nyuma ya bafu. Alipomaliza akatuita. Tukasimama nusu duara kama watu wanaotazama kaburi likichimbwa. Mgeni alichuchumaa.

Sisimizi walikuja. Niliwaona wakitoka chini ya ganda la mgomba, mstari ule ule. Walifika penye ukingo wa majivu, wakapapasa kwa vipembe vyao, wakageuka. Wakajaribu upande mwingine, wakageuka tena. Baada ya muda mstari ukavunjika, wakaenda zao.

"Ruhoza," Babu alisema polepole, "asali imekwisha."

Watu wakapiga makofi. Nilimtafuta mjukuu wa Ruhoza kwa macho nikamtazama hadi akaangalia chini. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile. Bibi alikuwa amesimama nyuma yetu, ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Nikajua ni furaha.

Mgeni alisimama, akapangusa magoti. "Babu, hongera," alisema, "lakini vidonge usiache. Gome hili ndiyo kwanza tunakwenda kulipima."

"Pimeni, mwanangu. Mimi nimeshapima."

Akaacha vidonge siku hiyo hiyo. Na kilichomthibitishia, yeye na sisi sote, ni kwamba hali yake haikuharibika. Miezi ilipita, akachonga mizinga, akatembea hadi Kasulu na kurudi. Mgeni alipopita tena alimkuta hivyo. Akamuuliza kama anatumia dawa nyingine yoyote, Babu akasema hatumii, na dada akaandika. Bibi alikuwa anamimina chai. Aliendelea kumimina hadi ikafurika kwenye kisahani.

Asubuhi zile nilimwona Bibi mara nyingi akisaga kitu cheupe kwa mgongo wa kijiko na kukitia kwenye uji wa Babu. Nilidhani ni chumvi.

Kopo la vidonge lilipokwisha Bibi hakuwa na la kufanya, maana Kabanga walimtaka mwenye kadi. Masika yalipoingia Babu alijikwaa kwenye kisiki, kidole cha mguu kikachubuka, kikakataa kupona. Alipokubali kupelekwa hospitali, mguu ulikatwa chini ya goti. Aliishi miaka michache baada ya hapo, akichonga miiko kwa sababu haihitaji kusimama.

Mimi sikuvuka darasa la saba. Elimu niliyonayo nimeipata kwa vitabu vya kuazima, na kwa tabia ya kutoamini jambo hadi nilifanye mwenyewe. Nilipokuwa na nyumba yangu nilisoma mahali kwamba majivu huzuia sisimizi. Nikaweka kitabu chini. Nikakoroga maji ya sukari, nikamwaga nusu kwenye udongo mtupu na nusu juu ya majivu yaliyolowa, nikachuchumaa. Upande mmoja walijaa weusi. Upande wa pili walifika ukingoni, wakapapasa, wakageuka. Niliwatambua kama unavyotambua mwendo wa mtu wa nyumbani.

Kama gome la mninga lina kitu ndani yake, sijui, na sikuwahi kusikia walichokipata kule Dar. Najua tu kwamba lilisifiwa kwa kazi ya majivu, kisha kwa kazi ya vidonge, na waliolisifu tulikuwa sisi.

Nilikwenda Nyakitonto kumwona Bibi. Alikuwa amezeeka, anapepeta maharage kwa kugusa kuliko kwa kuona. Nilimuuliza kama siku ile alijua.

"Walipogeuka," alisema. "Kabla ya hapo nilikuwa nimefagia tu."

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Mbele ya Ruhoza? Mbele ya mgeni? Niseme mume wangu bado ni mzinga?" Alitoa jiwe kwenye maharage, akalitupa. "Niliona aibu, Sabina. Jioni nikasema nitamwambia kesho. Kesho ikawa na uji wenye vidonge."

Aibu aliyoitaja niliijua vizuri. Nilikuwa nimelala nayo kitanda kimoja miaka ile yote, nikiombea sisimizi wafe, wakati wao peke yao ndio waliokuwa wakija kutuambia kila siku kwamba Babu ni mgonjwa.

"Na yeye alijua?"

Bibi aliweka ungo chini.

"Mguu ulipokwisha kukatwa aliniuliza. Alikuwa amekaa pale mlangoni. Akasema, Mama Yohana, siku ile ya mgeni ulifagia nyuma ya bafu? Nikasema nilifagia. Akasema, ulifagia vizuri. Akaniomba maji."