Ndara za Mwalimu Mkuu

Shuleni kila mtu alivua viatu mlangoni akavaa ndara, lakini za Mwalimu Mkuu ndizo zilizopiga kelele. Pata, pata, pata, zilisikika tangu ngazi za chini, na mwenye la kuficha akawahi kulificha: wavulana karata zao, Mwalimu Tsukuda machozi yake ya mwaka wa kwanza kazini, kule maabara. Mzee alipofika mlangoni alikuta watu wamenyooka, akaguna, akapita zake. “Huyu naye, hata kutembea hajui,” walimcheka.

Siku ya kumuaga mzee, theluji ya mwisho ikiyeyuka uwanjani, Tsukuda alijibanza kwenye makabati ya viatu akilia kimyakimya. Alipogeuka, huyo hapo ubavuni mwake, kakumbatia shada la maua, ndara zilezile miguuni. Hakuwa amesikia hata hatua moja.

“Mwalimu Mkuu! Kumbe unaweza kutembea kimya?”

“Tangu zamani, mwanangu.” Akaketi, akazivua, akajikanda vidole na magoti kwa raha zote. “Afadhali nimestaafu. Kupiga hodi kwa miguu, jamani, kunaumiza magoti!”