Maji Meupe ya Bwawa la Pili

Wallahi, nikimkumbuka msimamizi wetu mori hunipanda hadi leo. Kiwanda chetu cha kutia rangi leso kilikuwa nyuma ya Msambweni, na kazi yangu mimi, niliyoisomea, ilikuwa kusafisha maji machafu. Kwenye bwawa la kwanza tulitia dawa kali ya kuvunjavunja rangi. Hapo maji yalipaswa kutulia mpaka dawa iishe nguvu, ndipo yaingie bwawa la pili, walimokaa vijidudu wa kula uchafu uliobaki. Vijidudu hao niliwalea mwenyewe, nikianza na samadi ya ng'ombe kutoka Mkongani. Wenzangu walinicheka, eti nafuga mifugo isiyoonekana.

Siku moja tajiri mwenye kiwanda alialika watu kwenye dua ya kukiombea kiwanda. Msimamizi akaona haya wageni wakute maji mekundu. Akazidisha dawa, maji yakawa meupe pe, naye akayafungulia papo hapo yakaingia bwawa la pili, yakatoka hadi mtoni.

"Umeniulia vijidudu!" nilimpigia kelele.

"Wacha zako, bibi wee. Maji hayana rangi, hayana harufu. Tulifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, maji ya hivyo ni tohara, yafaa kutilia udhu."

Ala! Mambo ya udhu ayapeleke kwenye dawa ya kiwandani! Nikamwendea tajiri, nikamwomba asimamishe kazi hadi nilee vijidudu wengine. Maji meupe, alisema, mwataka nini tena? Basi ikawa ni hivyo kila siku: dawa tele, maji yang'ara, na bwawa la pili limekufa.

Mtoni upande wa chini, mama yangu mdogo, aliyenilea, alilima mpunga. Msimu huo mvua ilikuwa imekataa. Maji mekundu alikuwa hayataki kabisa. Alipoyaona meupe alimshukuru Mungu, akayaingiza shambani. Nilipokwenda kumtazama, mpunga ulikuwa umegeuka manjano, ncha zimeungua.

"Shikamoo, mama. Funga mtaro. Maji haya ni sumu."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mazuri hivi?" Akayateka kwa kiganja, akanionyesha.

Nilimweleza yote huku nalia. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akatazama juu. Hapakuwa na wingu.

"Nikifunga, mpunga utakufa kwa kiu. Nisipofunga, utakufa kwa haya maji yenu. Haya, wewe uliyesomea, niambie nifanye lipi."

Akashika jembe, akaupanua mtaro, maji meupe yazidi kuingia.