Kikohozi cha Mzee Lomayani

Siku ya kwanza kazini tulikuwepo wanne. Daktari Mkuu wa maabara. Mzee Lomayani, mtunza ndege. Swai, dereva wetu. Na mimi, binti wa Nkoaranga niliyeacha shule kidato cha pili ili kulea wadogo zangu baada ya kufiwa na wazazi. Nyumba ya ndege ilikuwa Kisongo. Humo walitunzwa kasuku na ndege wengine wa porini walionyang'anywa walanguzi.

Tuliwapima bakteria wanaoweza kumwambukiza binadamu, hasa wa homa ya kasuku, inayoshambulia mapafu. Kwanza tulifunga madirisha, maana gizani ndege hunyamaza, wote kwa mara moja. Kisha mmoja wetu anamshika ndege kwa taulo bila kumbana kifua, asikose pumzi. Mwingine anapitisha kijiti chenye pamba kooni na kwenye tundu la haja.

"Nani atashika?" Daktari Mkuu aliuliza.

"Mimi," nikasema.

Mzee Lomayani akanivuta nyuma. "Wewe una watoto wa kulea. Mimi nina ng'ombe tu, na njia ya malishoni wanaijua."

"Na Yeyo je?" Swai akamtania, akimtaja mke wa mzee.

"Huyo atapumzika na kelele zangu."

Ikawa hivyo kwa miaka. Yeye alishika, mimi nikakaa mlangoni kubandika lebo kwenye vichupa vya sampuli. Lakini alizoea kuwatuliza ndege kwa mluzi, kama ng'ombe wake, na mluzi haupigwi ndani ya barakoa. Aliishusha kila mara. Alipoanza kukohoa alisema ni vumbi la Kisongo. Alipokubali kwenda hospitali, mapafu yalikuwa yameshachoka.

Baada ya mazishi tulirudi kazini. Nikafunga madirisha, kimya kikaingia, kisha mtu akakohoa gizani. Kikohozi chake kabisa. Kikafuatwa na mluzi. Swai alitoka mbio.

"Ni yule kasuku wa kijivu, anamwiga mzee," Daktari Mkuu alisema, naye ameshika kitasa cha mlango.

Sasa nimestaafu. Wadogo zangu wote wazima, wana familia zao. Yeyo alipopata habari za kasuku alinishika mkono: "Binti yangu, nipeleke nikamsikie."

Ninyi mnaoanza kazi hii mjue: kasuku akishatibiwa, kipimo kinaweza kuonyesha yu safi leo, na kesho akatoa bakteria tena. Yeyo ni mzee, kifua chake dhaifu. Nilimrekodia kwa simu. Alisikiliza, akanirudishia.

"Hiyo ni simu," akasema.

Nikienda kumsalimia namkuta amejifunga shuka lake jipya, amekaa mlangoni, tayari kwa safari. Mumewe alinipa uhai wa kuwalea wadogo zangu. Yeye ananidai kikohozi kimoja tu, na bado sijamlipa.